Uliza Sista: Nimetoka naiti, nyumbani wanasema nilikuwa nimelala

Tangu Siku ya Wauguzi, tarehe 12 mwezi wa tano, barua zimejaa na karibu zote zinahusu jambo moja, nesi ambaye ni mama, nyumba inamvuta huku wodi inamvuta kule. Nimeamua ukurasa wa mwezi huu wote uwe wa hizo tu, wale wa presha na wale wa mawifi wasumbufu mtanisubiri mwezi ujao. Kwa wageni, mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya wodi ya watoto na leba, na rosta nimepanga sana, kwahiyo malalamiko ya pande zote mbili nayajua. Majina tumeyatoa na hospitali hatuzitaji.

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi nina miaka 31, nipo hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, wodi ya watoto. Nina watoto watatu, mkubwa yuko darasa la pili, wa mwisho ana mwaka na miezi minne bado ananyonya. Baba yao kazi yake iko Songea, tunaonana likizo. Dada wa kazi aliaga anaenda kumuuguza mama yake toka mwezi wa pili, mpaka leo simu hapokei. Sasa nikitoka naiti saa mbili asubuhi, mpaka tumalize kukabidhiana wodi ni saa tatu, nafika nyumbani saa nne kasoro, jirani ananikabidhi mtoto naye anawahi sokoni kwenye biashara yake, hapo nifue, nipike, saa nane mkubwa karudi shule, kulala nalala kama saa moja na nusu mtoto yuko kifuani, jioni naanza kujiandaa tena. Mama mkwe yupo, amekuja kutibiwa macho, juzi kaniambia "we si ulikuwa umelala huko usiku kucha, kazi yenyewe ya kukaa." Nikanyamaza. Wiki iliyopita saa kumi usiku nimeshavuta dawa kwenye bomba niko kitandani kwa mtoto, mama yake akanishika mkono akasema sista, huyu ulishamchoma. Kuangalia chati nimesaini mwenyewe dakika kama ishirini nyuma na sikumbuki kabisa kama nilifika pale. Sijamwambia mtu. Inchaji, yaani msimamizi wa wodi, tayari ananiona mvivu manake nachelewa, na kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, najua maksi zangu zitakavyokuwa. Nimeanza kufikiria mimi na unesi basi. Nifanyeje? (Mama Watatu)

SISTA: Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo mama aliyekushika mkono, hapo ndo penye uzito, ya mkwe tutayafikia.

Mwaka 1997 ulitoka utafiti wa Australia, watu walikeshwa wakawa wanapimwa uharaka wa mikono na akili, alafu siku nyingine watu hao hao wakanyweshwa pombe wakapimwa tena kipimo kile kile. Mtu aliyekaa macho masaa 17 alifanya vibaya sawasawa na mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na hicho ni kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya dereva akikutwa nacho anashushwa kwenye gari. Ikifika masaa 24 ni kama asilimia 0.10. Sasa wewe kati ya naiti na naiti umepata saa moja na nusu, tena ya mang'amung'amu na mtoto juu ya kifua. Saa kumi usiku, ambapo mwili wa mtu yeyote hata aliyelala vizuri mchana uko chini kabisa, wewe uko na bomba la sindano mkononi. Ndo maana hukumbuki. Usingizi wa sekunde chache chache unakuja macho yakiwa wazi na miguu inatembea, unasaini na kila kitu, ila kumbukumbu haiandikwi. Ungekuja wodini umelewa hivo wangekurudisha getini, lakini kwa vile umechoka tu na yunifomu imepigwa pasi hakuna anayeona.

Kwahiyo swala la kuacha unesi tuliweke pembeni kwanza, huwezi kuamua jambo kubwa hivo na kichwa ambacho hakijalala toka mwezi wa pili.

Cha kwanza, mwambie inchaji. Najua hutaki kusikia hilo. Mtoto hakudhurika, dozi haikuingia, na ndo wakati mzuri wa kusema, kabla haijatokea siku ambayo mama wa kitandani naye kasinzia. Usiende na historia yote ya nyumbani, nenda na sentensi tatu: usiku wa tarehe fulani nilikaribia kurudia dozi, sababu ni kwamba sipati usingizi mchana, naomba nisipangiwe naiti zaidi ya mbili mfululizo mpaka nipate msaidizi. Andika na kwenye karatasi umpe. Sa hivi anachokiona ni kuchelewa tu, na mfumo wa tathmini hauna sehemu ya kujaza kwamba dada kaondoka, ukinyamaza watakupima kwa hicho kinachoonekana. Na akikujibu vibaya, karatasi ipo, matroni anajua kusoma.

Wodini kwenyewe, kuanzia saa nane usiku mpaka alfajiri usichome mtu bila mwenzako kuangalia chati na wewe, hata kama ni mwanafunzi. Saini pale pale kitandani kabla hujageuka, usisubiri kurudi mezani. Na huyo mama mtumie, kila ukifika muulize mtoto anaitwa nani na mara ya mwisho kachomwa saa ngapi, wamama wa wodi ya watoto hawalali na saa za dawa wanazijua kuliko sisi.

Nyumbani sasa. Jirani anakubebea mtoto mpaka saa nne ambapo ndo kwanza wewe unatakiwa uanze kulala. Mpe hela. Sio asante na kilo ya sukari, hela inayolingana na anachopoteza sokoni, akae naye mpaka saa tisa siku zile tu za naiti, ambazo kwa mwezi sio nyingi. Kama haiwezekani kwake tafuta kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa ustawi wa jamii, uliza kama wanapokea mtoto wa siku chache chache kwa wiki, wapo wanaokubali. Mtoto wa mwaka na miezi minne anakula ugali na maharage, hahitaji ziwa saa sita mchana, atanyonya jioni kabla hujatoka. Ukifika, oga, kula kitu, funga dirisha na kanga mbili nzito, simu weka chumba kingine, lala. Nguo zitafuliwa Jumamosi. Nimeona nyumba nyingi za manesi zinang'aa na mwenye nyumba anakonda, na hakuna siku nimeona nyumba ikipewa cheti.

Baba yao naye aombe uhamisho wa kumfuata mwenza, au uombe wewe kama ni wote watumishi wa umma, maombi yanapita kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni. Inachukua muda na wakati mwingine inarudishwa, ombeni tena.

Mama mkwe usimjibu wewe. Mwambie mwanae ampigie simu amweleze mke wake usiku anafanya nini, watoto wangapi wodini, manesi wangapi. Akisikia kwa mwanae itaingia, akisikia kwako itakuwa jeuri. Haya mambo ndo yalivyo.

SWALI: Habari za kazi Sista. Mimi ni mkunga hapa Dar, nimejifungua mtoto wa kwanza. Nilianza likizo wiki tatu kabla ya kujifungua kwahiyo siku zangu 84 zinaisha wiki ijayo na mtoto ana miezi miwili tu na siku kidogo. Rosta imetoka nimewekewa naiti nne mwezi wa kwanza tu wa kurudi. Mtoto kopo halitaki kabisa. Nimemwambia inchaji kanijibu "wote tulizaa." Kinachoniuma mimi kila siku pale leba nawaambia wazazi miezi sita maziwa ya mama tu hata maji usimpe, alafu mwenyewe naondoka nimemuacha wangu na bibi yake. Sheria inasemaje?

SISTA: Hongera mwanangu, mtoto akue. Ni kweli wote tulizaa, na wengi wetu tuliishia kununua kopo mwezi wa tatu na mshahara ukaishia huko huko, sio jambo la kujivunia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inasema mwajiri asimpangie mama kazi ya usiku ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua, na usiku kwa sheria ni saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wewe hiyo miezi miwili imeshapita kidogo tu, kwahiyo kinachokulinda sasa ni kitu kimoja watu wengi hawakijui: ukipata cheti cha daktari kinachosema afya yako au afya ya mtoto hairuhusu ufanye kazi usiku, kinga inaendelea. Mtoto wa miezi miwili anayekataa kopo na kikombe akiachwa masaa 12 sio jambo dogo kiafya, nenda naye kliniki wampime uzito, uongee na daktari vizuri, useme ukweli bila kuongeza chumvi. Akiona inafaa ataandika.

La pili ni masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, muda wa kazi. Hayo ni haki yako, hata kama umezoea kuona watu wanaomba kama wanaomba lifti. Sehemu nyingi mama anatoka mapema masaa mawili kuliko kukimbia nyumbani na kurudi, manake kwa foleni ya Dar masaa mawili yanaishia kwenye daladala. Kubaliana na inchaji kwa maandishi mapema, sio unaaga tu saa saba na nusu wenzako wanabaki wanakuangalia.

Wiki 12 hazitoshi kwa miezi sita, hesabu haihitaji chuo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 wenyewe unataja wiki zisizopungua 14, na hizo nazo hazifiki. Mpaka sheria ibadilike utakamua. Anza leo, sio asubuhi ya kurudi kazini, kwa mkono safi kwenye kikombe cha chuma au cha kioo kilichochemshwa. Yakikaa nje ni kama masaa manne kama chumba kina ubaridi, Dar mwezi wa pili usihesabu hata hayo manne, weka kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Bibi ampe kwa kikombe, polepole, mtoto atakataa siku mbili tatu za kwanza akisikia harufu yako iko karibu kwahiyo toka nje kabisa ya nyumba. Ukiwa kazini kamua kila baada ya masaa matatu, la sivyo maziwa yanapungua na kifua kitakuuma mpaka ushindwe kunyanyua mzazi.

Na tafadhali, maziwa yako usiweke kwenye friji la chanjo. Friji la chanjo ni la chanjo, sio la maziwa, sio la maji ya kunywa, na yule aliyekuwa anaweka soda anajijua.

SWALI: Sista mimi naomba niseme upande wetu. Niko Dodoma, nina miaka 29, sijaolewa sina mtoto. Krismasi naiti mimi, Pasaka mimi, Idi mimi na ni Mkristo. Mwenzangu mtoto akikohoa tu simu inapigwa "mdogo wangu nishikie shifti" na sikumbuki aliyewahi kunirudishia. Nikikataa naambiwa subiri na wewe uzae. Nina mama yangu mgonjwa wa kiharusi nyumbani namgeuza kila masaa mawili lakini hilo halihesabiki. Mbona hamtuongelei?

SISTA: Nawaongelea, na ungekuwa karibu ningekununulia chai.

Nyie ndo mnaobeba hii gharama kimya kimya. Wodi ina manesi pungufu, mama akikosekana pengo halizibwi na serikali wala na mwenye hospitali, linazibwa na wewe, alafu mnaanza kuchukiana wawili nyie wakati aliyepaswa kuleta mtu wa tatu hata hayupo kwenye ugomvi. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kukugeuza stepni, lakini ujue hasira uielekeze wapi.

Shifti unayomshikia mtu iandikwe. Kuwe na daftari la kubadilishana, lisainiwe na wote wawili na inchaji, na tarehe ya kurudisha iandikwe siku hiyo hiyo. Mtu asiyerudisha hapewi nyingine. Utaona simu zinavyopungua. Kuhusu sikukuu, omba kwenye kikao cha wodi orodha ya mwaka mzima ya nani alifanya sikukuu gani, ibandikwe ukutani, sio kwa kugombana, ibandikwe tu. Watu wakiona jina lako liko kila mahali aibu itafanya kazi yake.

Na mama yako mwambie inchaji. Majukumu ya nyumbani sio watoto tu. Kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kila masaa mawili ni naiti ya pili, sasa wewe unafanya naiti kazini alafu unaenda kufanya nyingine bila posho. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa mainchaji, mnapomuuliza nesi "una mtoto mdogo?" ulizeni "nani anakutegemea nyumbani?", mtashangaa majibu.

SWALI: Sista shikamoo, mimi mwenyewe ni inchaji, Tanga, wodi ya wanawake. Manesi nilionao ni tisa, sita wana watoto chini ya miaka mitano. Kila rosta ikitoka napata maombi mpaka usiku WhatsApp. Nikimkubalia mmoja wengine wananuna, nikiwakatalia wote naletewa ED, yaani ruhusa za ugonjwa, za ghafla. Kazi inashuka, wanachelewa, ripoti zinaandikwa nusu nusu. Nifanye nini na watu tisa?

SISTA: Marahaba. Watu tisa ni wachache na hakuna mpangilio utakaowafanya wawe kumi na tano, hilo liandike kwa mganga mfawidhi kila robo mwaka hata kama hajibu. Lakini kuna vitu vinavyotoka kwako.

Rosta toa mapema, angalau wiki tatu nne kabla. Nimeona wodi inabandika rosta Ijumaa ya kuanza Jumatatu, sasa mwenye mtoto mchanga anapata wapi mtu wa kulala na mtoto ndani ya siku mbili? Zile ED za ghafla unazolalamikia nyingi zinazaliwa hapo. Kabla ya kupanga pitisha karatasi kila mtu aandike siku mbili tu ambazo hawezi kabisa, mbili, sio kumi, alafu hizo mbili ziheshimu kama sheria. Baada ya hapo WhatsApp funga.

Acha kumtoa mtu ivining ukamwingiza moning. Anatoka saa mbili usiku, anaripoti saa moja na nusu asubuhi, hayo ni masaa 11 na nusu na sheria inataka mapumziko ya masaa 12 mfululizo kati ya kazi na kazi. Na kwa mama hayo 11 na nusu toa safari, toa kupika, toa mtoto anayeamka saa tisa usiku, kinachobaki ndo hiyo ripoti nusu nusu unayosoma. Panga ziende mbele, moning, ivining, naiti, alafu mapumziko, mwili unazoea hivo kuliko kurudi nyuma. Naiti zisizidi mbili au tatu mfululizo.

Marekani mwaka 2004 ulichapishwa utafiti, manesi karibu 400 waliandika daftari la kila shifti, wamefanya masaa mangapi na wamekosea wapi. Shifti ikifika masaa 12 na nusu au zaidi uwezekano wa kukosea ulikuwa mara tatu ya shifti fupi. Naiti zetu nyingi ni masaa 12 kwenye karatasi, ukiongeza kukabidhiana umeshavuka. Kwahiyo moja ya kazi zako ni kuhakikisha asubuhi kukabidhiana kunaisha kwa wakati, na hao wanaoingia moning saa mbili na robo na chapati mkononi ndo wanaowafanya wenzao wakosee, uwaambie hivo hivo.

Usiku kama wako wawili, ruhusu mmoja ajinyooshe dakika ishirini mpaka nusu saa kwa zamu wakati wodi imetulia, mwenzake akiwa macho. Najua kuna watakaosema unafuga uzembe. Wanasinzia hata hivo, mezani, kichwa kwenye faili, wote wawili kwa pamoja, bora ujue nani kalala na nani yuko macho.

Na huyo anayechelewa kila siku, kabla ya barua ya onyo mwite pembeni muulize asubuhi yake ikoje. Mmoja wangu zamani alikuwa anachelewa dakika 25 kila siku, kumbe chekechea ya mtoto inafungua geti saa moja na nusu kamili na shifti inaanza saa hiyo hiyo. Nilimhamishia ivining akawa wa kwanza kufika. Wapo na wavivu, sikatai, wana watoto na bado ni wavivu, lakini mvivu ukimpa saa inayomfaa bado atachelewa na hapo barua andika bila huruma.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mume wa nesi, Mbeya, nafundisha sekondari. Mke wangu akitoka naiti ni moto, ukimuuliza chakula anafoka, watoto wanamkwepa, hata mambo ya ndoa yamekuwa ya kalenda. Kipato changu sio kibaya. Nimemwambia aache kazi nimfungulie duka la vipodozi kagoma, tumenuniana wiki. Mimi namsaidia sana, hata jana niliosha vyombo. Umshauri.

SISTA: Marahaba mwanangu. Barua umeandika wewe kwahiyo nakushauri wewe.

Mtu ametoka kazini masaa 12 usiku, labda kafunga macho ya marehemu saa tisa na saa kumi kapokea mgonjwa mwingine kitanda hicho hicho, anafungua mlango anaulizwa chakula. Na mimi ningefoka. Jaribu mwezi mmoja hivi: siku ya naiti ukirudi shule chakula cha jioni ni chako, kuanzia sokoni mpaka sufuria kukauka. Asubuhi anayotoka naiti watoto uwe umeshawaondoa wewe, uji umekunywewa, sare zimevaliwa, akute nyumba kimya na maji ya kuoga ya moto, Mbeya kuna baridi. Usimpigie simu mpaka saa tisa mchana, hata ya kuuliza funguo iko wapi, hata hela ikiingia. Watoto wafundishe kwamba mama akitoka naiti ni kama bado yuko safarini, atafika jioni. Baada ya mwezi angalia hasira imebaki kiasi gani, na ya kalenda nayo utaniambia.

Duka la vipodozi sahau. Kasomea, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, anatibu watu, na mimi nimeona akina mama walioachishwa kazi nzuri wakafunguliwa duka, duka likafa mwaka wa pili na ndoa ikafuata nyuma.

SWALI: Sista mbona ni mama mama tu? Mimi ni nesi mwanaume, Kigoma, mke wangu alijifungua kwa operesheni nikapewa siku tatu. Siku ya nne niko leba nazalisha wa wenzangu, wangu nyumbani na mama yake hawezi hata kuinuka.

SISTA: Pole na hongera. Siku tatu ndo kiwango cha chini cha sheria ya Bara, jirani zetu Kenya baba ana wiki mbili za malipo. Neno "angalau" limo kwenye sheria yenyewe kwahiyo mwajiri akiongeza hajavunja kitu, na kama una likizo ya mwaka hujaitumia omba uiunganishe, wengi hawajui wanaweza. Zaidi ya hizo, sheria hiyo hiyo inatoa angalau siku nne za malipo mtoto wako akiugua, na haikusema ni kwa mama tu, usije ukaacha zipotee. Kwenye kikao cha TUGHE, chama chetu cha wafanyakazi, simama uliseme hili wewe, mwanaume akisimama kudai siku za uzazi ukumbi utacheka kwanza, alafu watasikiliza. Mwambie mwenzio asinyanyue ndoo wiki sita, na mshono ukianza kutoa maji au ukiwa wa moto mrudishe hospitali siku hiyo hiyo usisubiri tarehe ya kliniki.